Kurithi Kisichoonekana: Uhakiki wa Maana za Kurithi, Damu, Nasaba na Undugu katika Maelezo ya Jenetiki kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Sehemu hii inahakiki maneno manne ambayo Kiswahili huyategemea kinapoeleza namna sifa za wazazi zinavyomfikia mtoto: kurithi, damu, nasaba na undugu. Maneno haya hayakubuniwa kwa ajili ya jenetiki. Yalikuwa yakitumika katika mirathi, posa, viapo na methali muda mrefu kabla ya sayansi hiyo kuhitaji istilahi za Kiswahili. Kwa kuwa yalifahamika na watu wote, yalionekana kuwa daraja fupi la kumvusha msikilizaji kutoka maarifa ya kawaida hadi maarifa ya kitaalamu. Uhakiki huu unaonesha kwamba daraja hilo lina gharama. Kila neno limeingia katika jenetiki pamoja na dhana tangulizi lililotoka nayo nyumbani, na dhana hizo huendelea kufanya kazi ndani ya sentensi hata pale ambapo mtaalamu hakuzikusudia.

Mifano inatokana na sifa mbili zinazojulikana sana Afrika Mashariki, yaani ualbino na selimundu. Zote mbili hujitokeza kwa mtoto aliyepokea nakala mbili za jeni iliyobadilika, moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Mzazi mwenye nakala moja tu kwa kawaida haoneshi dalili. Kwa hiyo wazazi wawili wenye ngozi nyeusi wanaweza kumzaa mtoto mwenye ualbino, na wazazi wawili wasiougua selimundu wanaweza kumzaa mtoto mwenye ugonjwa huo. Hapo ndipo maneno yanayohakikiwa hushindwa kubeba mzigo yaliyopewa, na hapo ndipo kosa la kimaana hugeuka kuwa kosa la kijamii, kwa sababu anayedaiwa maelezo mara nyingi ni mama.

Uchambuzi unaongozwa na misingi miwili. Wa kwanza ni dhana tangulizi, yaani jambo ambalo lazima likubaliwe ili sentensi iwe na maana, na ambalo hubaki hata sentensi inapokanushwa. Wa pili ni nadharia ya sitiari dhana ya Lakoff na Johnson (1980), inayodai kwamba binadamu huelewa uwanja mmoja wa maisha kwa kutumia mpangilio wa uwanja mwingine anaoujua zaidi.

2. Kurithi: mali ya nani?

Sentensi tatu zifuatazo zimetungwa ili kuonesha tatizo la kwanza.

(1) Juma amerithi shamba la baba yake.
(2) Juma hakurithi shamba la baba yake.
(3) Mtoto amerithi ualbino kutoka kwa wazazi wake.

Sentensi (1) na (2) zinapingana kuhusu Juma, lakini zinakubaliana kuhusu baba yake: alikuwa na shamba. Huo ndio msingi wa kitenzi kurithi. Harithiwi mtu asiye na kitu. Hata desturi ya kurithi mjane hudai kwamba marehemu alikuwa na mke. Sentensi (3) ni sahihi kibiolojia, lakini anayeisikia akiwa na maarifa ya Kiswahili peke yake analazimika kudhani kwamba wazazi walikuwa nao ualbino huo. Akiwatazama, hauoni. Swali linalofuata, "Basi ameurithi kwa nani?", haliwezi kuitwa ujinga. Ni hitimisho halali la mtu anayeijua lugha yake vizuri.

Swali hilo likishaulizwa, hutafutiwa jibu. Ikiwa baba hana na mama hana, ama mtoto ni wa baba mwingine, ama kuna laana, ama kuna mkono wa mtu. Katika majibu yote matatu, mama ndiye huwekwa mbele ya baraza la familia. Inafaa kusisitiza kwamba sentensi iliyokusudiwa kumtetea ndiyo iliyofungua mashtaka, kwa kuwa ilitumia kitenzi kinachodai mali ionekane kwa mwenye mali.

Mfumo wa mirathi una sifa nyingine tatu zisizolingana na jenetiki. Kwanza, hakuna mirathi bila kifo, ilhali mzazi hupitisha jeni akiwa hai na hubaki nazo zote. Kinachopita ni nakala. Pili, mali hugawanywa, na alichopata mmoja amekikosa mwingine, ilhali nakala aliyopewa mtoto wa kwanza haimpunguzii wa pili wala kumkinga. Tatu, mgao wa mirathi hutegemea sheria na jinsia. Katika sheria ya Kiislamu, kwa mfano, fungu la mtoto wa kiume ni sawa na la mabinti wawili. Jeni hazina kadhi. Katika jozi 22 za kromosomu zisizo za jinsia, kila mtoto hupata nusu kwa mama na nusu kwa baba, awe wa kike au wa kiume.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kudai kwamba Kiswahili hakina njia nyingine. Wasemaji husema mtoto "amemchukua bibi yake", "amefuata upande wa mjomba" au "ametoka kwa babu". Semi hizi hazidai kwamba mzazi aliye katikati awe na sifa hiyo. Zinakubali kwamba kitu kinaweza kupita ndani ya mtu bila kujionesha kwake. Kwa maana hiyo, lugha ya ukumbini, wazee wanapomtazama mtoto mchanga, imeikaribia jenetiki kuliko lugha ya vipeperushi.

3. Damu: kimiminika kisichobeba kinachodaiwa

Neno damu hubeba mzigo mkubwa zaidi. "Damu nzito kuliko maji", "damu yangu", "wana damu moja" na "magonjwa ya damu" ni semi zinazomfanya msikilizaji auone urithi kama kimiminika. Sitiari hii ina mantiki yake ya ndani: vimiminika huchanganyika, na vikishachanganyika havitenganishiki tena. Maziwa yakimiminwa katika chai hayarudi kikombeni kwao.

Majaribio ya Gregor Mendel, yaliyochapishwa mwaka 1866, yalipingana na mantiki hiyo. Alipopandikiza njegere za mbegu za njano kwa za kijani, kizazi cha kwanza kilitoa mbegu za njano tupu. Rangi ya kijani ilionekana kana kwamba imemezwa. Lakini kizazi kilichofuata kilitoa mbegu 6,022 za njano na 2,001 za kijani, yaani karibu tatu kwa moja. Kijani kilichorudi kilikuwa kijani kamili, hakikuwa mchanganyiko uliofifia. Urithi ulifanya kazi kama punje zinazohesabika, si kama maji. Msikilizaji anayeongozwa na sitiari ya damu hawezi kutarajia sifa iliyopotea kwa mzazi irudi ikiwa nzima kwa mtoto, kwa kuwa damu iliyochanganyika ilipaswa kutoa rangi ya kati.

Jaribio la moja kwa moja zaidi lilifanywa na Francis Galton, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1871. Aliwaongezea sungura damu ya sungura wa aina nyingine, kisha akawazalisha. Watoto waliozaliwa hawakuonesha sifa za waliotoa damu. Baiolojia ya baadaye iliongeza hoja nyingine: seli nyekundu za damu ya binadamu zikishakomaa hazina kiini, hivyo hazina jeni za kiini hicho. Maabara inapochukua damu ili kupima vinasaba, inachotumia ni seli nyeupe. Kinachoipa damu wekundu wake, ambao ndio unaoipa sitiari nguvu, hakibebi nasaba hiyo.

Jamii za Afrika Mashariki zilikuwa na undugu wa kuchanjiana, ambapo watu wawili wasio wa ukoo mmoja walichanja ngozi, wakaonja damu wao kwa wao na kuwa ndugu kwa kiapo. Hao wana "damu moja" kwa maana kamili ya kijamii, na wakati mwingine mwiko wa kuoana uliwafuata. Kijenetiki hawana undugu wowote waliouongeza. Mfano huu hauoneshi kwamba jamii hizo zilikosea. Unaonesha kwamba katika Kiswahili neno damu lilikuwa jina la wajibu kabla halijafanywa jina la biolojia. Mtaalamu anayesema "ugonjwa uko katika damu ya ukoo wenu" anadhani anataja chembe, ilhali anayesikia anaweza kuwa anasikia heshima ya ukoo mzima ikihukumiwa.

4. Nasaba na kinasaba

Istilahi vinasaba imeundwa kwa ustadi wa kisarufi. Kiambishi cha ngeli ya KI-VI kimelifanya neno nasaba, lenye asili ya Kiarabu, litaje kitu kidogo kinachoweza kuhesabika. Istilahi hiyo imekubalika hadi katika sheria: Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Tatizo halipo katika umbo bali katika upande ambao nasaba huutazama. Nasaba, kama inavyotajwa katika majina ya "fulani bin fulani" na katika kuthibitisha koo za masharifu, hupanda kwa baba, kisha kwa baba wa baba. Mama humtambulisha mtoto kwa mambo mengi, lakini katika mnyororo wa bin hatajwi.

Matumizi ya umma yameuimarisha upande huo. Neno vinasaba husikika sana katika migogoro ya kutafuta baba wa mtoto, hivyo "kupima vinasaba" kumekuwa karibu sawa na "kumpima mama ukweli wake". Familia inapoambiwa kwamba ualbino wa mtoto "ni suala la vinasaba", maneno hayo yanaweza kupokelewa kama mwaliko wa kuhoji ubaba. Ukweli ni kinyume chake: katika urithi wa aina hii, mtoto mwenye ualbino amepokea nakala kutoka kwa baba kama alivyopokea kutoka kwa mama. Kuzaliwa kwake hakumwondoi baba. Kunamweka baba na mama katika nafasi moja kabisa.

5. Undugu: hesabu ya binamu

Kiswahili kina msamiati mpana wa ukoo. Watoto wa baba mkubwa na wa mama mdogo, katika jamii nyingi za bara, ni kaka na dada, na kuoana kwao ni mwiko. Watoto wa mjomba na wa shangazi ni mabinamu, watani, na katika baadhi ya jamii wanaruhusiwa kuoana. Neno binamu lenyewe linatokana na Kiarabu, ambako lilimtaja mtoto wa kiume wa ami, yaani wa ndugu wa baba. Safari ya neno hili kutoka pwani hadi bara imelihamisha kutoka upande mmoja wa ukoo hadi mwingine. Pwani, ambako ndoa ya mtoto wa ami inakubalika, maharimu huhusisha pia ndugu wa kunyonya, yaani watoto waliochangia ziwa bila kuchangia mzazi.

Jenetiki haitambui mipaka hiyo. Katika kromosomu zisizo za jinsia, mtoto wa ami, wa mjomba, wa shangazi na wa mama mdogo wote wako katika umbali mmoja. Mtoto wa wazazi ambao ni mabinamu wa kwanza ana uwezekano wa 1/16 kwamba nakala zake mbili za jeni yoyote zimetoka katika nakala moja ya babu au bibi wa wazazi wake wote wawili. Ndugu wa kunyonya, ambao dini inawakataza, hawaongezi chochote katika hesabu hii. Basi maneno "ndoa za ndugu", yanayotumika kuonya kuhusu magonjwa, hutaja kundi ambalo mipaka yake hubadilika kutoka jamii moja hadi nyingine. Wawili wanaweza kuonywa kwa kuwa ndugu huku wakiwa hawana undugu wa jeni, na wengine wasionywe kwa kuwa ni mabinamu tu.

Lakini udhaifu mkubwa wa onyo hilo uko katika kulifanya kuwa maelezo ya jumla, kwa mfano kauli kwamba ualbino hutokana na ndoa za ndugu. Kauli hii ina chembe ya ukweli. Mwaka 1902 Archibald Garrod alionesha kwamba wagonjwa wa alkaptonuria, ugonjwa unaofanya mkojo uwe mweusi ukikaa hewani, walizaliwa na mabinamu wa kwanza kwa kiwango kilichozidi kile cha watu wengine. Hata hivyo, mchango wa undugu hutegemea uhaba wa jeni. Kwa ugonjwa unaompata mtu 1 kati ya 1,000,000, ndoa ya mabinamu wa kwanza huongeza uwezekano kwa zaidi ya mara 60. Kwa ualbino hali ni tofauti. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni mtu 1 kati ya 1,400. Kwa makadirio hayo, na kwa kudhani kwamba watu huoana bila kujali jeni hiyo, takribani mtu 1 kati ya 19 ana nakala moja. Mabinamu wa kwanza wangekuwa na uwezekano wa karibu 1 kati ya 430, yaani kama mara tatu ya watu wengine.

Mara tatu si jambo dogo, lakini haitoshi kuwa maelezo. Hata kama ndoa 10 katika kila 100 zingekuwa za mabinamu wa kwanza, takribani watoto saba kati ya kila kumi wenye ualbino wangezaliwa na wazazi wasio mabinamu. Wazazi hao wakiambiwa kwamba ualbino hutokana na ndoa za ndugu, wana mambo mawili ya kuchagua: kudhani wametenda zinaa ya maharimu bila kujua, au kurudi katika tuhuma zilizotajwa katika sehemu ya 2. Kwa hiyo maelezo yaliyokusudiwa kuondoa laana yanaweza kuirejesha kwa jina jingine.

6. Istilahi zinazotia kovu

Istilahi tatu zaidi zinastahili kuhojiwa. Ya kwanza ni "jeni dhaifu", inayotumika wakati mwingine kuitaja jeni isiyojionesha ikiwa nakala moja. Udhaifu katika Kiswahili ni upungufu wa nguvu au wa afya. Anayesikia kwamba mtoto ana "jeni dhaifu" husikia hukumu juu ya mtoto, ilhali kinachozungumzwa ni kujionesha au kujificha kwa sifa. "Jeni inayojificha" ni ndefu zaidi, lakini haidanganyi.

Ya pili ni "mbebaji". Katika elimu ya afya, mbebaji ni yule mwenye vimelea anayeweza kuwaambukiza wengine. Mzazi mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu hamwambukizi yeyote. Tena, Anthony Allison alionesha mwaka 1954, kwa utafiti uliofanywa Afrika Mashariki, kwamba nakala hiyo moja humkinga mtu kwa kiasi dhidi ya malaria. Neno linalomweka katika safu moja na mwenye vimelea vya kipindupindu linamwonea. "Mwenye nakala moja" linatosha.

Ya tatu si neno bali ni msemo wa hesabu: "mtoto mmoja kati ya wanne". Msemo huu huwafanya wazazi waliokwisha kumpata mtoto mwenye selimundu waamini kwamba watatu wanaofuata watasalimika. Hesabu sahihi haina kumbukumbu. Kila mimba ya wazazi hao ina uwezekano wa robo, na mimba iliyotangulia haiiondolei wala haiiongezei inayofuata chochote.

7. Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu haupendekezi kufuta maneno kurithi, damu, nasaba na undugu. Yamekwisha kuota mizizi, na lugha haifanyiwi upasuaji kwa amri ya mtafiti. Kinachopendekezwa ni kwamba kila maelezo yanayotumia maneno hayo yaikanushe waziwazi dhana tangulizi yake. Badala ya sentensi (3), ifuatayo ingefaa zaidi:

(4) Mtoto huyu amepokea nakala mbili za jeni inayojificha, moja kwa baba na moja kwa mama, na wao wenyewe wasingeweza kujua kwamba wanazo.

Sentensi (4) ina maneno mengi kuliko (3), lakini kila neno lina kazi. Amepokea haidai kifo wala mali inayoonekana. Nakala inaeleza kwa nini mtoaji hakupungukiwa. Moja kwa baba na moja kwa mama inafunga mlango wa tuhuma. Wasingeweza kujua inawaondolea wazazi hatia ya kuficha.

Matokeo ya jenetiki yenyewe yanalirudisha neno undugu katika upana wake. Kwa watu wengi wenye ualbino katika Afrika kusini mwa Sahara, badiliko linalopatikana ni lilelile: kipande cha takribani jozi-besi 2,700 kilichokosekana katika jeni ya OCA2. Kufanana huko kunaashiria kwamba nakala hizo zilitoka kwa mhenga mmoja wa zamani sana, kabla ya koo za leo kupata majina. Wazazi wawili waliokutana wakiwa wageni, mmoja wa bara na mwingine wa pwani, wanaweza kuwa ndugu kupitia mhenga ambaye hakuna shajara inayomtaja. Undugu huo hauvunji mwiko wowote wala haumtii yeyote aibu. Mama anayeelezwa hivyo, kwa maneno yaliyochaguliwa kwa uangalifu, anaondoka na mtoto wake na maelezo anayoweza kuyarudia mbele ya wakwe.